Mpaka wa 1910 na Sheria za Mapenzi ya Jinsia Moja

Sheria ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachofanya mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima waliokubaliana kuwa kosa. Mkazi wa Walikale anayepitia Goma na Rutshuru hadi Bunagana, kisha akavuka mpaka, anaingia Uganda, ambako tendo hilohilo linaweza kumfunga mtu maisha. Tofauti hiyo haikutokana na mila za Wanyanga, Wakano au Wakumu wa upande huu, wala za Wafumbira wa upande wa pili. Ilikuja pamoja na mpaka wenyewe. Mwezi Mei 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana Brussels na kugawana nchi ya Kivu na milima ya Virunga. Kila mkoloni alichukua kipande chake, na watu wa kipande hicho wakahukumiwa kwa kitabu cha sheria alichokuja nacho.

Kitabu cha Waingereza ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote katika jambo hili. Mwaka 1533, wakati wa Mfalme Henry VIII, Bunge la Uingereza liliondoa kesi za ulawiti mikononi mwa mahakama za kanisa na kuufanya kosa la kunyongwa. Adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 1861, nafasi yake ikachukuliwa na kifungo ambacho kingeweza kufika maisha. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakiiandalia India sheria moja ya adhabu. Tume iliyoongozwa na Thomas Babington Macaulay ilikamilisha rasimu mwaka 1837. Sheria ikapitishwa mwaka 1860, na kifungu chake cha 377 kikaadhibu tendo la ndoa lililoitwa kinyume cha maumbile.

Kifungu hicho kinafaa kusomwa polepole, kwa kuwa vizazi vyake vingi bado viko hai Afrika Mashariki. Hakikuuliza kama wahusika walikubaliana. Hakikuuliza umri wao, wala kama kuna aliyeumia. Mtu aliyemnajisi mtoto na watu wazima wawili waliopendana nyumbani kwao waliwekwa chini ya maneno yaleyale, na adhabu ya juu kabisa ilikuwa moja kwa wote. Hilo ni kosa zito la sheria yenyewe, maana sheria isiyotofautisha aliyedhulumiwa na asiyedhulumiwa haimlindi ipasavyo hata huyo aliyedhulumiwa.

Kutoka Bombay sheria ya India ilivuka bahari. Rufaa za Zanzibar zilikuwa zikipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay, na mwaka 1897 sheria hiyo ilianza kutumika katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wakazi wa nchi hizo hawakuulizwa lolote, wala hawakuwa na baraza la kuulizwa. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa sheria mpya zilizofuata mfano mwingine, ule ulioandikwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, mwaka 1899. Griffith aliongeza ukali: mwanamume aliyemruhusu mwenzake naye alitajwa waziwazi kuwa mkosaji. Kifungu cha pili kilitoka katika sheria ya Uingereza ya 1885, kikaadhibu kitendo chochote cha aibu kati ya wanaume, hata kikifanywa faraghani. Ndicho kilichompeleka mwandishi Oscar Wilde gerezani kwa miaka miwili mwaka 1895.

Wajerumani nao walikuwa na kifungu cha 175 cha sheria yao ya 1871. Utawala wao Tanganyika uliisha katika Vita Kuu ya Kwanza, na ni kanuni za Waingereza zilizobaki huko.

Ubelgiji ilikuwa na historia nyingine. Mwaka 1791, katikati ya mapinduzi, wabunge wa Ufaransa waliandika sheria mpya ya adhabu na kuacha nje makosa waliyoona ni ya kidini tu, ulawiti ukiwa mmojawapo. Nchi ya Wabelgiji ilipounganishwa na Ufaransa mwaka 1795 ilipata sheria hiyo, na baada ya uhuru wake wa 1830 haikurudisha kosa lililofutwa. Kwa hiyo Wabelgiji walipoitawala Kongo hawakuwa na kifungu cha namna hiyo cha kuleta. Sheria ya adhabu ya Kongo, iliyotolewa kwa amri ya tarehe 30 Januari 1940 na ambayo ndiyo msingi wa sheria ya leo, ilipita bila kulitaja jambo hilo.

Asidhani mtu kwamba huo ulikuwa upole. Tangu mwaka 1917 mwanakijiji aliyekataa kulima mazao aliyoamriwa na serikali aliadhibiwa. Mwaka 1944 wafuasi wa dini ya Kitawala, wakiongozwa na Bushiri, waliinuka katika maeneo ya Masisi na Lubutu, nao walikandamizwa kwa nguvu nyingi. Serikali ya kikoloni katika misitu hii iliogopa dini isiyoidhibiti na mikono iliyokataa kazi. Mambo ya ndoa na ukoo yaliachiwa kwa sehemu kubwa mabaraza ya kienyeji, ambayo amri ya mwaka 1926 iliyapa utaratibu, na wamisionari, waliofundisha maadili yao shuleni na kanisani.

Baada ya uhuru njia zilizidi kuachana. Uingereza yenyewe ililegeza sheria yake mwaka 1967, lakini makoloni yake ya zamani yaliihifadhi, na mengine yaliikaza. Uganda ilipandisha adhabu hadi kifungo cha maisha mwaka 1990. Tanzania iliweka miaka 30 au zaidi mwaka 1998. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, miezi michache tu baada ya Mahakama ya Juu ya India kukiondolea nguvu kifungu cha 377 kwa watu wazima waliokubaliana. Tarehe 26 Mei 2023 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitia saini sheria mpya yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Watetezi wa sheria kama hizo husema wanalinda mila za Kiafrika. Wazee walikuwa na misimamo yao kuhusu ndoa na uzazi, na misimamo hiyo inastahili kusikilizwa, lakini maneno yanayotumika mahakamani yaliandikwa London, Calcutta na Brisbane.

Hata hivyo si kila kifungu kilichopo leo ni urithi wa mkoloni. Burundi, iliyotawaliwa na Wabelgiji kama Kongo, haikuwa na kosa hilo mpaka mwezi Aprili 2009, serikali yake ilipoliweka katika sheria mpya yenye kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Rwanda ililijadili jambo hilo mwaka huohuo na kuliweka kando. Kongo nayo imejaribiwa: mwaka 2010 mbunge Evariste Ejiba Yamapia alileta pendekezo la sheria, na mwaka 2013 Steve Mbikayi alileta lake. Yote mawili hayakupita. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 40, inatambua ndoa kati ya mwanamume na mwanamke tu.

Kutokuwepo kwa kifungu si sawa na usalama. Kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu kinaadhibu, kwa siku 8 hadi miaka 3, anayevunja adabu hadharani kwa matendo ya aibu, na maneno hayo ni mapana kiasi kwamba afisa akitaka kumtisha mtu au kumdai pesa anaweza kuyavuta apendavyo. Anayekamatwa kwa njia hiyo ana haki ya kuuliza ni tendo gani lililofanyika, na kama lilifanyika hadharani, maana bila hayo mawili kosa halijakamilika.

Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Kati ya nchi nane za jumuiya hiyo, ni Kongo na Rwanda tu ambazo sheria zake hazimfungi mtu mzima kwa mapenzi ya jinsia moja ya hiari.