Kabla ya kulipia sola, kagua paa lenu kwanza

Ukishuka matatu pale Kombani, njiapanda ya Likoni, Ukunda na Kwale mjini, hebu inua macho kidogo. Utaona mabati mapya yanayometameta, mabati yaliyogeuka mekundu kwa kutu, makuti, na huku na kule vigae vya rangi kwa wale waliojipanga. Na juu ya mapaa hayo paneli zinazidi kuongezeka: moja ya kuchaji simu, mbili za kinyozi, nne za yule jamaa anayeuza maji baridi na soda.

Sababu unazijua. Tokeni zinaisha kabla hujamaliza kunyoa wateja wawili. Stima inapotea bila hodi. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, na haikuwa mara ya mwisho mwaka huo. Tangu 2012 M-Kopa imewazoesha Wakenya kulipia sola kidogo kidogo kwa simu. Kwale nayo imo kwenye orodha ya kaunti 14 za KOSAP, mradi wa sola wa serikali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kwa hivyo sitaki kukuuzia sola, manake ushaambiwa vya kutosha.

Ninachotaka tuongelee ni kile kitu ambacho muuzaji hakuulizi, nacho ni paa.

Paneli nzuri huuzwa na dhamana ya kuzalisha umeme kwa miaka 25. Sasa jiulize, paa lenu limebakisha miaka mingapi? Kama jibu ni mitano, hesabu ni hii: baada ya miaka mitano utamlipa fundi azifungue paneli, utaezua, utaezeka upya, kisha utamlipa tena azirudishe. Na hapo hatujataja waya zitakazokatika wala paneli itakayodondoka njiani. Kutengeneza paa kabla ya kufunga ni gharama moja. Ukitengeneza baadaye, unalipa gharama ileile na nyingine mbili juu yake.

Kwanza, nyumba ni ya nani?

Wengi wetu hatuna nyumba. Tuko kwa wazazi, kwa bibi, ama tumepanga. Usimlete fundi halafu ndio uanze kuomba ruhusa.

Kama ni nyumba ya familia, kaa chini na wenyewe. Waambie paneli zitakaa wapi, matundu mangapi yatatobolewa, na nani atagharamia paa likianza kuvuja. Bibi anayekinga maji ya mvua kwenye tangi ana haki ya kujua nini kitapakwa juu ya bati lake. Kama umepanga, yaandike hayo yote na mwenye nyumba atie sahihi, hasa lile la kwamba paneli ni zako na utaondoka nazo. Maneno ya mdomo husahaulika siku ya kuhama.

Paa la mabati: ingia ndani saa sita mchana

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji ngazi wala fundi. Subiri jua la utosi, ingia chumbani, funga mlango na madirisha, tazama juu. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu. Kama nyumba ina dari, toa kipande kimoja uchungulie na tochi. Hesabu matundu na uyatie alama kwa chaki.

Matundu mawili matatu kwenye misumari ni kazi ndogo: unang'oa msumari uliolegea na kuweka skrubu ya bati yenye raba. Lakini ukiona nyota kama usiku wa kiangazi, bati hilo limekwisha. Usilipake silikoni ukadhani umemaliza. Libadilishe sasa, angalau sehemu yote itakayofunikwa na paneli, manake ukishafunga hutafika tena pale chini.

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada. Kombani si ufukweni kama Diani, lakini hewa ya bahari inatufikia, na chumvi hula chuma. Bati jembamba la geji 30 huisha mapema kuliko la geji 28, na ukumbuke kuwa kwenye geji, namba ikipanda unene unashuka. Kwa hivyo skrubu na bolti zote za sola ziwe za chuma kisichoshika kutu, na reli za kubebea paneli ziwe za aluminiamu. Waya wa shaba uliochubuka usilale juu ya bati: maji ya mvua yakipita kwenye shaba na kuteremkia bati, bati huoza haraka.

Baada ya bati, mbao

Bati linakinga mvua tu. Mzigo wa paneli unabebwa na kenchi pamoja na zile pau za mlalo ambazo mabati yamepigiliwa. Hapa ndipo mapaa mengi hudanganya: juu yanang'aa, chini mchwa wamekula.

Chukua bisibisi, panda na mtu wa kukushikia ngazi, na uchome kila mbao unayoifikia. Mbao nzima inakataa. Ikiingia kama kwenye papai lililoiva, mbao hiyo itolewe. Tafuta njia za udongo za mchwa ukutani, unga wa mbao ulioanguka darini, na madoa meusi ya maji. Kisha simama nje, mbali kidogo, ulitazame paa kwa ubavu. Kama mgongo wake umebonyea katikati, mbao zimeshachoka hata kabla hujaziongezea kitu.

Na unaziongezea kitu kweli. Paneli moja kubwa ya wati 550 ina uzito wa kilo 27 hivi. Nne ni zaidi ya kilo 100, bado reli. Ni kama watu wazima wawili wamekaa juu ya nyumba yenu, usiku na mchana, miaka 25.

Tena uzito ndio nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni upepo. Kusi ikivuma, paneli inageuka tanga la jahazi. Upepo unaingia chini yake na kuivuta juu. Ndiyo maana skrubu ya reli haifai kushika bati peke yake. Lazima ipite ishike mbao. Na ndiyo maana paneli zisiwekwe ukingoni kabisa mwa paa, ambako upepo una nguvu zaidi. Acha angalau sentimita 30 kila upande, na ukiweza acha zaidi.

Tundu litobolewe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanakopita. Chini ya kila mguu wa reli kuwe na raba. Kazi ikiisha, fagia vumbi lote la chuma lililotoka kwenye drili. Ukiliacha litashika kutu na kutoboa bati jipya. Fundi wengi hawafagii. Simama pale umkumbushe.

Jua linapita wapi?

Kwale iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, Disemba linaegemea kusini. Kwa jumla, upande wa paa unaotazama kaskazini ndio bora. Lakini kama paa lenu ni la mteremko mdogo na linatazama mashariki au magharibi, usihangaike. Kwetu jua liko juu sana, hasara ni ndogo. Usikubali kujengewa fremu ndefu ya vyuma ili tu paneli zigeukie kaskazini. Fremu hiyo itakamata upepo wote wa kusi.

Mteremko usipungue nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Acha pia nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli. Paneli hupenda mwanga, haipendi joto: kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza umeme kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Juu ya bati la Kwale mchana, hizo nyuzi hufika haraka, na hewa ikipita chini inasaidia.

Halafu kivuli. Tazama paa lenu saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Kivuli cha mnazi mmoja kikigusa kona ya paneli kinaweza kushusha umeme wa safu nzima, kwa sababu paneli zimeungana kama mnyororo. Na mnazi hauleti kivuli tu. Nazi ikidondoka kwenye kioo, umejua mwenyewe. Kabla ya kufikiria panga, kumbuka mnazi ni mali, na pengine ulipandwa na babu. Mara nyingi kusogeza paneli mita tatu kunatosha. Panga likibaki kuwa njia pekee, hilo ni la kikao cha familia.

Kama mna makuti

Hapa nitakuwa wazi: usifunge paneli juu ya makuti. Makuti ni paa zuri, linapoza nyumba kuliko bati lolote, lakini huezuliwa na kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Fito na kombamoyo hazikupangwa kubeba vioo. Zaidi ya yote, kiungo cha waya kikilegea hutoa cheche, na cheche kwenye makuti makavu ni nyumba kwisha kabla majirani hawajapata ndoo.

Njia ipo. Weka paneli juu ya jiko au choo cha nje chenye mabati imara, ama simika nguzo uani kwa zege na ufunge fremu juu yake. Waya zipite ndani ya bomba, chini ardhini, ziingie nyumbani kupitia ukutani badala ya kupita kwenye makuti. Utapoteza kidogo kwa urefu wa waya, kwa hivyo nunua waya mnene zaidi. Lakini utalala.

Kama mna vigae

Kigae cha udongo au saruji hakitobolewi juu. Fundi anakiinua, anafunga ndoano ya chuma kwenye mbao chini yake, kisha anakirudisha. Nunua vigae vichache vya akiba kabla ya siku ya kazi, manake vingine vitavunjika tu, na rangi ileile huenda usiipate mwaka ujao.

Vile vyembamba vya lami, vinavyolaliana kama magamba ya samaki, vina utaratibu wake. Skrubu inapita hadi kwenye mbao ya kenchi, na juu yake kunawekwa kipande cha bati kinachochomekwa chini ya safu ya juu, ili maji yateleze yasiingie. Silikoni peke yake haitoshi. Kama vigae vimejikunja pembe au changarawe zake zimepukutika, badilisha safu hizo kwanza.

Siku ya kazi

Usisubiri masika. Kazi ya paa ifanyike kiangazi, asubuhi, bati likiwa kavu na halijawa kikaango. Aliyeko juu avae viatu vya raba, ajifunge kamba, na akanyage kwenye mistari ya misumari ambako kuna mbao chini. Paneli zifunikwe kwa kitambaa kizito wakati waya zinaunganishwa. Paneli haina swichi, ikiona jua tu inatoa umeme.

Kabla hujatuma amana kwa M-Pesa, muulize fundi maswali manne. Una leseni ya EPRA? Sheria ya Kenya inataka kila anayefunga sola awe nayo. Skrubu zako zitashika mbao gani? Utaziba matundu kwa nini? Paa likivuja mwezi ujao, utarudi bila malipo, na utaliandika hilo? Fundi mzuri atajibu huku akitafuta ngazi aende kuangalia. Anayekwambia "usijali boss, tutajua hapohapo" amejibu pia.

Na wewe unayetafuta kazi mtaani, ona nafasi hapa. Wauza paneli wamejaa hadi Likoni, ila wa kupanda kukagua mbao na mabati kwa uaminifu, kisha kumwambia mteja "bado, tengeneza hapa kwanza", ni wachache. Ukijifunza kwa fundi wa kuezeka anayeijua kazi, halafu ukasomea leseni ya sola, utakuwa na ujuzi wa pande zote mbili za skrubu.

Kama pesa zako hazitoshi paa na sola kwa pamoja, anza na paa. Nunua paneli moja badala ya nne, lakini reli ziwekwe mahali ambapo tatu nyingine zitaongezewa baadaye. Jumamosi hii, saa sita mchana, funga mlango utazame juu. Ukaguzi huo ni bure.