Vijana wa Hamburg na London Hupata Kazi Vipi?

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala uliokaribia kuvunja madawati ya Kidato cha Tatu. Hoja ilikuwa kwamba serikali ifungue ofisi ya kuwatafutia vijana kazi katika kila wadi. Waliounga mkono walisema Wazungu wanazo ofisi hizo, ndiyo maana vijana wao hawazururi na bahasha za kaki mkononi. Waliopinga wakajibu eti ofisi ni viti na meza tu, dawa ni uanagenzi, yaani kijana kufundishwa kazi na fundi huku akiifanya kazi yenyewe. Kengele ikalia, kila upande ukaenda zake ukijiona mshindi.

Mimi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu nilibaki na swali moja. Hao Wazungu tunaowataja kila mara ni wa wapi hasa? Mwalimu wetu wa Elimu ya Biashara alinishauri niache kusema "Ulaya" kana kwamba ni kijiji kimoja, nichague miji miwili niilinganishe. Nilichagua London, Uingereza, na Hamburg, Ujerumani.

Nilizichagua kwa sababu zote ni miji ya bandari, na sisi wa Mombasa bandari tunaijua. Zamani kazi ya gatini huko ilikuwa ya vibarua. Alfajiri wanaume walisongamana langoni, msimamizi akatokea, akanyoosha kidole kwa huyu na yule, na waliobaki wakarudi kwa wake zao mikono mitupu. Mwaka 1889 vibarua wa London waligoma wakidai peni sita kwa saa, nao wakazipata. Wa Hamburg waligoma Novemba 1896 hadi Februari 1897, katikati ya baridi kali, nao wakashindwa. (Babu zetu wa hapa Mombasa nao waligoma 1947, lakini hiyo ni habari ya makala nyingine.)

Ofisi za ajira zilizaliwa kutokana na shida kama hiyo ya langoni. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1909, wakati Winston Churchill alipokuwa waziri wa biashara, na ofisi za kwanza zikafunguliwa tarehe 1 Februari 1910. Wazo lilikuwa rahisi: badala ya mtu kuzunguka malango kumi, mwenye kazi na mtafuta kazi wakutane mahali pamoja. Ujerumani ilipitisha sheria yake mwaka 1927, ikaunganisha mambo mawili chini ya shirika moja la taifa, yaani kutafutia watu kazi na bima ya wasio na kazi. Makao makuu ya shirika la leo yako mji wa Nürnberg, na Hamburg ina tawi lake.

Basi hadi hapo miji hii ni kama mapacha. Tofauti inaanza pale unapouliza: kijana wa miaka kumi na sita, rika langu mimi, anakutana na ofisi hiyo lini?

London ofisi inaitwa Jobcentre. Aghalabu mtu huingia humo akiwa tayari hana kazi na anataka posho ya serikali. Anapewa mshauri, anatia sahihi ahadi ya mambo atakayofanya ili apate kazi, na anaweza kutakiwa kutumia hata saa 35 kwa wiki kutafuta kazi. Akikosa miadi bila sababu nzuri, posho inakatwa. Sisemi kwamba washauri ni watu wabaya. Lakini fikiria wewe ndiye uliyekaa pale: mtu yuleyule anayetakiwa kukusaidia ndiye anayeweza kukunyima chakula cha wiki. Utamwambia ukweli wote? Serikali ya Uingereza yenyewe, katika waraka wake wa Novemba 2024, ilikiri kwamba ofisi hizi zimeshughulika mno na kusimamia posho kuliko kuwasaidia watu wapate kazi na kupanda ngazi.

Hamburg nao wana ofisi za posho, na adhabu zipo pia. Lakini kwa vijana mji ule uliamua jambo lingine. Mwaka 2012 ulianzisha Jugendberufsagentur, ambayo tunaweza kuiita Ofisi ya Kazi ya Vijana, na ina tawi katika kila wilaya kati ya wilaya saba za mji. Chini ya paa moja wamo watu wa shirika la ajira, watu wa posho, watu wa idara ya elimu na watu wa ustawi wa jamii. Kijana hazungushwi "nenda dirisha namba nne, rudi kesho". Kubwa zaidi ni kwamba washauri hawa huja shuleni kabla kijana hajamaliza. Shule inatoa habari za kila anayeondoka, na ofisi inafuatilia ameelekea wapi. Asiyeonekana mahali popote anatafutwa. Lengo lao ni kwamba asipotee hata mmoja.

Nilipofika hapo katika kusoma niliweka kitabu chini. Katika darasa langu la msingi tulikuwa zaidi ya arobaini. Leo naweza kukwambia walipo labda kumi na watano. Wengine hakuna ofisi wala mwalimu anayejua wako wapi, na hakuna aliyeuliza.

Hata hivyo ofisi haifugi kazi kabatini. Mshauri wa Hamburg ana maneno matamu kwa sababu ana mahali pa kumpeleka kijana, na mahali hapo ndipo uanagenzi unapoingia. Ujerumani ina kazi zaidi ya 300 zinazotambuliwa kisheria kwa mafunzo ya namna hii: fundi wa magari, mwokaji mikate, fundi bomba, hata karani wa benki. Naam, karani wa benki naye huanza kama mwanagenzi! Hapa kwetu mtu akisema anajifunza kazi kwa fundi watu hudhani alifeli mtihani. Kule wako wengi waliofaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu na bado wakachagua uanagenzi kwanza.

Tuchukue fundi wa magari, kwa sababu kazi hii naijua kwa karibu. Hamburg atafundishwa miaka mitatu na nusu. Siku moja au mbili kwa wiki yuko shule ya ufundi, siku zilizobaki yuko gereji. Shule inalipiwa na serikali, gereji inamlipa mwanagenzi. Mkataba wake umeandikwa na kusajiliwa kwa Chemba ya Mafundi, chama ambacho kila gereji ya aina hiyo ni lazima iwe mwanachama. Anayemfundisha sharti awe amethibitishwa kwamba anaweza kufundisha. Kujua kufungua injini pekee hakutoshi. Tena mwanagenzi anaweka daftari. Humo anaandika alichofanya na alichojifunza, na mwalimu wake wa gereji analipitia na kutia sahihi. Asiyekuwa na daftari lililojazwa haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Na mtihani hautungwi na bosi wake, unasimamiwa na chemba. Akifaulu, cheti chake kinajulikana Hamburg, Munich na Berlin vilevile. Akigombana na bosi kesho, ufundi wake hauendi na bosi.

Sasa nikusimulie habari za mwana wa ami yangu. Aliingia gereji moja hapa mjini baada ya darasa la nane. Alikaa miaka minne. Alipewa pesa za chakula cha mchana, siku nyingine hata hizo hakuna. Alijifunza breki, gia, hadi kuteremsha injini nzima. Mwaka wa nne akakosana na mwenye gereji juu ya spana iliyopotea, akaambiwa asirudi. Alitoka na ovaroli lake tu. Hakuwa na mkataba wala barua, na hakuna mtu wa kusema "huyu nimemfundisha". Gereji ya pili ikamwambia aanze kwa kuosha vyuma, kama mgeni. Miaka minne ikawa maji ya mto. Na mikono yake ni ileile!

London je? Uingereza ilikuwa na sheria ya uanagenzi kabla ya nchi nyingi. Sheria ya mwaka 1563 ilisema mtu asifanye ufundi mpaka awe amefunzwa miaka saba. Vipengele hivyo vilifutwa mwaka 1814, wakati wenye viwanda walipotaka uhuru wa kuajiri yeyote. Tangu hapo uanagenzi Uingereza ukawa kama mgonjwa wa homa ya vipindi, mara unapona, mara unalala.

Dawa ya karibuni ilitolewa Aprili 2017. Mwajiri ambaye mishahara yake kwa mwaka inapita pauni milioni 3 hutozwa asilimia 0.5, na pesa hizo hulipia mafunzo ya wanagenzi. Ungetarajia idadi ipande. Wapi! Katika England nzima walioanza uanagenzi walipungua kutoka zaidi ya 490,000 mwaka wa masomo 2016/17 hadi karibu 376,000 mwaka uliofuata. Tena kampuni nyingi zilipoona pesa ni zao zilizitumia kuwasomesha watu wazima walio kazini tayari, hata mameneja wanaosomea shahada ya uzamili, na wote hao wakahesabiwa kuwa "wanagenzi". Mtoto wa miaka kumi na sita akabaki mlangoni. Kuanzia Januari 2026 serikali ililazimika kupunguza kozi hizo za juu ziwe hasa za walio chini ya miaka 22.

Nisije nikaonewa kwamba nimenunuliwa na Wajerumani, nikiri pale London inaposhinda. Ya kwanza ni ujira. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Ujerumani aliyeanza mwaka huohuo 2025 kima chake kilikuwa yuro 682 kwa mwezi mzima. Piga hesabu mwenyewe, kwa wiki ya saa 35 tu yule wa London anapata zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi. Kweli makampuni mengi ya Hamburg hulipa juu ya kima hicho, lakini kima ni kima.

Ya pili ni kwamba Hamburg mlango wa kwanza hufungwa mapema. Mtoto akimaliza darasa la nne, akiwa na miaka kama kumi, huamuliwa aende shule ya namna gani. Mwaka 2010 wakuu wa mji walitaka watoto wasome pamoja hadi darasa la sita, na wapiga kura wakakataa kwa kura ya maoni ya mwezi wa Julai. Kuna wazazi waliokuwa wamejipanga vizuri sana kutetea nafasi za watoto wao, ukinielewa.

Ya tatu inaniuma zaidi. Mwaka 2014 watafiti nchini Ujerumani walituma barua za kuomba uanagenzi wa ufundi wa magari na ukarani. Barua zililingana kwa alama na kwa kila kitu, ila jina. Mwenye jina la Kijerumani aliandika kama barua tano ili aitwe mara moja kwa mahojiano. Mwenye jina la Kituruki, aliyezaliwa palepale, aliandika saba. Ofisi nzuri na sheria nzuri zipo, lakini anayefungua barua ni binadamu. Sisi tusicheke, hapa kwetu pia watu husoma jina la mwisho kwanza.

Na bado ni karibu kampuni moja tu kati ya tano nchini Ujerumani inayochukua wanagenzi. Kila mwaka waokaji mikate na wenye bucha hulia kwamba nafasi zao hazijazwi, huku vijana wengine wakilia kwamba hawana nafasi. Mchagua jembe si mkulima, watasema wazee, lakini kuamka saa nane za usiku ukande unga maisha yako yote si jembe la kila mtu.

Kwa hiyo nikiulizwa tofauti kubwa iko wapi, nitasema iko kwenye fundo linalofunga ofisi na karakana. Hamburg mshauri, shule, gereji na chemba wameshikana. London, kwa miaka mingi, ofisi ya kazi ilikuwa chini ya wizara moja na uanagenzi chini ya nyingine, na ni Septemba 2025 tu uanagenzi ulipohamishiwa wizara inayosimamia Jobcentre. Ofisi peke yake inajua nani hana kazi. Karakana peke yake inajua kazi ni nini. Aliyeachwa katikati ndiye kijana.

Kenya si kwamba hatuna kitu. Tuna sheria ya mwaka 2016 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tuna NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo waajiri huilipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. NITA hiyohiyo husimamia mitihani ya ufundi ya gredi, na mtu aliyejifunzia kazi jua kali anaweza kuifanya, hata kama hakukanyaga chuo. Mwana wa ami yangu hakujua hayo mpaka nilipomwambia mwezi wa nne. Gereji ile alikaa miaka minne na hakuna aliyemtajia. Sasa anaweka akiba ya ada ya mtihani wa gredi ya tatu, ambayo ndiyo ya chini, na jioni huja kwetu nimsomee maswali ya umeme wa gari, kwa kuwa kusoma michoro ndiko kunakompa taabu.