Ramani ya matatu ilinielewesha hesabu iliyonishinda chuoni

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitakudanganya eti ni karo pekee. Ubao ulijaa herufi na mishale, mhadhiri anaandika akitupa mgongo, nami nikaamua kichwa changu hakikuumbiwa hizi vitu.

Majuzi, nikingoja 58 pale Buruburu, nilichora nyuma ya risiti. Chukua kalamu, chora nawe. Weka vitone vinne: Buruburu, Tao, Westlands, Kangemi. Unganisha kwa mishale mitatu, kila kitone kwa kinachofuata. Hiyo ni grafu, jamaa wa ile ramani ya Digital Matatus iliyotolewa 2014, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki kuichora.

Sasa jiulize: safari gani zinawezekana? Hapo ndipo inaanza nadharia ya kategoria, waliyoizindua Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane mwaka 1945. Mshale mmoja ukiishia pale mwingine unapoanzia, safari nzima nayo ni mshale. Buruburu hadi Westlands haikuchorwa, lakini ipo. Na ukienda Kangemi, haijalishi vipande viwili vya kwanza ndivyo unavyounganisha mapema au viwili vya mwisho. Safari ni ileile.

Kilichonishinda zamani ni mshale wa kubaki palepale. Kila kitone kinao. Wa nini? Ni kama sufuri kwenye kujumlisha: umesimama steji, hujapanda, na safari yoyote ukiiunganisha nao haibadiliki. Hesabu sasa. Mishale mitatu imekuwa kumi!

Ndio, najua matatu hurudi. Ukichora za kurudi, safari hazitaisha kuhesabika. Halafu kwenda Tao na kurudi si sawa na kubaki nyumbani, uliza mfuko wako.

Utamu uko hapa. Dere akikwepa msongamano wa Jogoo Road, anapenya mitaa ya ndani. Chora mshale wa pili, Buruburu hadi Tao. Je, hizo safari ni moja? Grafu haisemi. Ni wewe unayeamua. Ukijali kufika tu, ni moja; ukijali dakika, ni mbili. Wanahesabu wakisema mchoro unakubaliana, wanamaanisha njia zote za kutoka hapa hadi pale zimehesabiwa kuwa moja. Miaka yote hiyo nilidhani ni uchawi.

Daftari la chuo lilikuwa chini ya kitanda. Nimelitoa. Niko ukurasa wa tatu, na pembeni nimeandika majina ya steji.