Fungu la kumi linatoka kwenye mizani ya nani?

Munajua namna siku ya posho inavyokuwa kwenye machimbo yetu ya Kabambare. Jua likianza kulala, watu wanapanga mstari mbele ya nyumba ya mnunuzi, kila mmoja na dhahabu yake kidogo imefungwa ndani ya karatasi. Mnunuzi ni mkristo. Kwenye ukuta wake kuna kalenda ya parokia ao picha ya pasta na mke wake, na radio inapiga nyimbo za Mungu. Kesho yake, yeye na wale wa mstari watakaa kanisani kwenye benchi moja na kutia sadaka katika kikapo kimoja.

Mimi nataka tuongee juu ya ile dakika ya katikati, wakati dhahabu iko juu ya mizani. Kanisani tunahubiriwa juu ya pombe, juu ya uzinzi, juu ya waganga. Juu ya mizani, ni mara chache sana.

Kwetu bado kuna mahali dhahabu inapimwa kwa njiti ya kiberiti na kwa pesa za chuma za zamani. Wakubwa wanahesabu kwa tola, yaani gramu 11.66. Siku hizi wengi wana mizani ndogo ya pile yenye kuonyesha namba, na mchimbaji akiona namba inawaka anafikiri mashine haiwezi kusema uongo. Mashine inasema ile mwenyewe aliyoifundisha kusema.

Tufanye hesabu. Wachimbaji wanaleta gramu 100 kwa mwezi, mizani inaonyesha 90. Gramu 10 zimeingia nyumbani kwa mnunuzi bila franga hata moja kutoka. Mwisho wa mwezi anahesabu faida, anatoa fungu la kumi, na kanisa linaandika jina lake katika buku ya zaka. Sasa, ni nani aliyetoa? Ni wewe, mwenye kutoka shimoni na udongo mpaka kwenye masikio. Jina lako haliko kwenye buku.

Biblia haikuficha jambo hili. Kitabu cha Mezali, sura ya 11, kinaanza na mizani ya udanganyifu mbele ya kusema neno lingine lolote. Nabii Amosi, sura ya 8, anawasema wafanyabiashara waliokuwa wakingojea sabato ipite upesi ili wapunguze kipimo na kupandisha bei. Watu wale walikuwa wanashika sabato! Na Zakayo, Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakuahidi kujenga sinagogi. Alisema nusu ya mali ni ya maskini, na yule aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Kule Kasongo, ambako Uislamu uko tangu zamani za Tippu Tip, jirani zetu nao wana sura nzima ya Kurani, ya 83, yenye kuitwa kwa jina la wale wanaopunja vipimo. Basi katika soko la Kasongo hakuna mwenye kusema dini yake haikumuambia.

Nisiwe mtu wa upande mmoja, hata kama sendika ndiyo kazi yangu. Mnunuzi naye ana shida yake. Barabara ya kwenda Fizi inajaa matope na bariere, na ukiwa na dhahabu mfukoni roho yako haitulii. Tena anatoa avansi: mchele, maharagwe, chumvi, pampu ya maji, dawa ya mtoto. Timu inachimba miezi miwili bila kupata kitu. Siku shimo linapotoa, mmoja anatoka usiku kwenda kuuza kwa mnunuzi mwingine, na asubuhi iko anaimba kwaya kama kawaida. Huo ni wizi, na tuuite wizi.

Mnunuzi aliyeibiwa hivyo anasema: lazima nijilipe. Sawa, ajilipe kwenye bei. Bei ni maneno ya watu wawili. Anaitaja, unaisikia, unakubali ao unafunga karatasi yako na kuondoka. Bei ya dunia inatajwa kwa onsi, gramu 31.1, na mwenye radio anaweza kuigawanya. Lakini mizani inakaa kimya. Mwenye kuweka hasara yake ndani ya mizani anamlipisha hata mchimbaji mwaminifu, bila kumuuliza.

Buku ya madeni pia ni vile vile. Mmoja anaandika, mwingine anasikia tu jumla. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, ilikataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa sababu ndilo linalomlisha. Kwetu jiwe la kusagia ni pampu.

Kuna mama mmoja kule Salamabila, karibu na Namoya, anayepika lotoko. Kanisa lake limemsimamisha kwaya. Aliniuliza: nikiacha, minerval ya watoto nitaitoa wapi? Sikuwa na jibu. Lakini kopo yake anaijaza mpaka juu, kila mtu anaona. Na wale wenye mizani ya kula ni wazee wa kanisa.

Sheria ya migodi ya 2018 inataka mchimbaji awe na karte na awe ndani ya kooperative, na mnunuzi awe na karte yake. Kama tuko ndani ya kooperative, kwa nini tusinunue mizani moja yetu, ikae wazi, mtu apime mbele ya kwenda kuuza? Na madeni yaandikwe kwenye buku mbili, moja kwa kila upande. Mwenye kuwa na mashaka leo hii achukue pesa moja ya chuma, aipimishe kwa wanunuzi watatu, aandike namba tatu.

Tulilisema hili kwenye kikao na wanunuzi. Wawili walileta mizani zao zipimwe pale pale. Wa tatu, mzee wa kanisa, aliomba tungojee mpaka baada ya Pasaka. Tunamngojea.