Mkulima wa zabibu aliyekataa dawa, shamba la baba likampeleka kortini

Mzazi anaweza kumrithisha mtoto ardhi, nyumba au jina. Emmanuel Giboulot wa Beaune, Ufaransa, alirithi pia msimamo wa baba yake kwamba shamba la familia halipigwi dawa za viwandani. Msimamo huo ulimfikisha kizimbani mwaka 2014, akiwa hatarini kufungwa jela hadi miezi sita na kutozwa faini ya hadi Euro 30,000.

Beaune ni mji wa mvinyo katika eneo la Burgundy. Familia ya Giboulot ina mizabibu kwenye hekta 10 hivi, na baba yake aliacha kemikali tangu miaka ya 1970, wakati wakulima wengi waliamini kwamba shamba bila dawa ni shamba la mvivu. Mtoto alipokabidhiwa jembe, aliendelea pale pale baba alipoishia.

Kilimo hai cha zabibu kina kazi nyingi. Magugu hayauliwi kwa dawa, yanalimwa au kufyekwa. Udongo unalishwa samadi na mboji. Ubwiri unazuiwa kwa salfa na shaba, vitu vinavyoruhusiwa kwa kiasi maalumu, na mkulima lazima apite mstari kwa mstari kukagua majani, kwa kuwa akichelewa siku chache mvua inaweza kumnyang'anya mavuno. Shamba linaloacha kemikali husubiri miaka mitatu kabla zabibu zake kuuzwa kama za kilimo hai.

Baada ya kuvuna, kazi inahamia kwenye mapipa. Wakulima wengi wa aina hii huacha zabibu zichachuke kwa hamira ya asili inayotoka shambani. Sheria za Ulaya za mwaka 2012 zinaruhusu salfaiti, kihifadhi cha mvinyo, kisichozidi miligramu 100 kwa lita katika mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai, wakati mvinyo wa kawaida wa aina hiyo unaruhusiwa hadi 150.

Ugonjwa usio na tiba

Mwaka 2013 hofu ilitanda. Kuna ugonjwa wa mizabibu ambao Wafaransa wanauita flavescence dorée. Majani hugeuka rangi kabla ya wakati, vishada hukauka na mti haupati nguvu tena. Tiba hakuna. Husambazwa na mdudu mdogo anayeruka kutoka mti hadi mti akifyonza utomvu. Mti ulioambukizwa hung'olewa, na ikiwa zaidi ya asilimia 20 ya miti ya kipande kimoja imeugua, kipande chote hung'olewa.

Ugonjwa ulikuwa tayari umeonekana Burgundy. Juni 2013, mwakilishi wa serikali katika wilaya ya Côte-d'Or akaamuru kila mwenye mizabibu apige dawa ya kuua mdudu huyo, shamba liwe na ugonjwa au lisiwe nao.

Wakulima wa kilimo hai walipewa njia yao. Waliruhusiwa kutumia dawa ya asili inayotokana na maua ya pareto, zao linalofahamika vizuri kwa wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Giboulot akakataa hata hiyo. Hoja yake ni kwamba pareto, pamoja na uasili wake, haichagui: inaua mdudu mbaya pamoja na nyuki na wadudu wanaolinda shamba. Alisema hawezi kuharibu kazi ya miaka 40, ya baba yake na yake, kwa dawa ambayo haioni haja yake.

Julai mwaka huo wakaguzi walifika shambani, wakakuta hajapiga dawa.

Na jirani je?

Hapa ndipo kisa hiki kinakuwa kigumu, kwa sababu jirani naye ana watoto. Mdudu haujui mpaka wa shamba. Mtu mmoja akiacha kupiga dawa na ugonjwa ukaingia kwake, familia ya pili inaweza kung'oa mizabibu iliyopandwa na babu, kisha isubiri miaka kadhaa kabla miti mipya kuzaa vizuri. Ndiyo maana wapo wakulima wenzake, wakiwamo wa kilimo hai, ambao hawakukubaliana naye.

Kwa upande mwingine, zaidi ya watu 500,000 walitia saini kumtetea, na Februari 2014 wafuasi wake walikusanyika nje ya mahakama mjini Dijon. Aprili mahakama ilimtia hatiani na kumtoza Euro 1,000, nusu yake ikiwa adhabu iliyosimamishwa.

Euro 500 zilikuwa fedha ambazo angeweza kulipa akarudi shambani. Hakulipa akanyamaza, alikata rufaa. Desemba 2014 mahakama ya rufaa ilimwachia huru, ikieleza kwamba amri ile haikufuata sheria kwa kuwa haikuwa na idhini ya waziri wala haikuonyesha dharura ya kutosha. Mahakama haikusema dawa ni mbaya. Swali la nani alikuwa sahihi shambani lilibaki kwa wakulima wenyewe.

Baadhi ya njia za kinga hazina ubishi: kukagua mizabibu kwa pamoja, kung'oa mapema mti unaougua, na kuloweka miche kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 45 kabla ya kuipanda, ili isibebe ugonjwa kutoka kitaluni.

Kwa mzazi, kisa hiki kinauma pande mbili. Mtoto hujifunza msimamo kwa kumwona mzazi akiulipia, kama Emmanuel alivyomwona baba yake akilima tofauti na wenzake. Lakini mtoto huyo huyo anapaswa kufundishwa kuangalia ng'ambo ya ua, amuulize jirani hofu yake ni nini kabla hajasema hapana. Usiku wa leo, mezani, mweleze mwanao kisa hiki kisha umuulize: ungekuwa wewe, ungepiga dawa?