Harara Chini ya Boneti

Msomaji mmoja wa Shangani, mjini Mtwara, mwenye gari la Mazda RX-8 lililokuja kutoka Japani likiwa limekwisha tumika huko, ametuletea swali ambalo wasio na magari ya namna hiyo wataliona dogo, lakini mimi limenikosesha kazi nyingine kwa juma zima. Aliyaondoa mabomba ya asili yanayopokea moshi ubavuni mwa injini, akafunga mengine ya kununua, yale yaitwayo heda, kwa kutamani sauti na nguvu. Akavipata vyote viwili. Tangu hapo kila apandapo Newala boneti haigusiki, mipira ya maji ya rejeta hulainika, plastiki hunuka, na gari likizimwa lingali moto hugoma kuwaka. Auliza afanye nini.

Namna injini hii, aliyoibuni Felix Wankel na iliyonguruma kwa mara ya kwanza katika kiwanda cha NSU huko Ujerumani mwaka 1957, inavyozungusha kipande chenye pembe tatu badala ya kupandisha na kushusha pistoni, ni habari iliyokwisha elezwa mara nyingi, nami sina hamu ya kuirudia. Linalotuhusu ni moshi wake. Chumba chake cha mwako ni kirefu na chembamba, nacho huhama huku moto ukikifuata nyuma, hata mlango wa moshi ufungukapo mafuta mengine hayajamaliza kuungua, yakaendelea kuungua njiani. Kwa hiyo sehemu ya harara ambayo katika injini ya pistoni ingekwisha geuzwa kuwa kazi, hapa hutupwa bombani, na moshi huweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Wahandisi wa Mazda, walioitia injini hii katika gari la Cosmo Sport mwaka 1967, waliigeuza taksiri hiyo kuwa fadhila katika miaka ya 1970: waliunda chumba kizito cha chuma mlangoni mwa ekzosi, wakakipulizia hewa ya ziada, ili mabaki ya mafuta yateketee humo kabla ya kutoka nje. Fauka ya hayo, mlango wa kuvutia hewa na mlango wa kutolea moshi iko ubavu mmoja, na plagi ubavu wa pili. Basi hewa inayotakiwa iingie baridi hupita jirani kabisa na chuma chenye moto kuliko vyote. Mabomba ya kiwandani huja na mfuniko wake wa bati. Heda aghalabu huja tupu, na kwa kuwa mabomba yake ni marefu zaidi, eneo linalotoa harara limeongezeka.

Sasa harara hiyo hutokaje bombani ikaifikia plastiki isiyogusana nalo? Hewa hubeba sehemu yake, wala siikanushi; lakini bomba likishafika nyuzi 600, sehemu iliyo kubwa husafiri kwa njia nyingine.

Aliyewahi kuketi jikoni mkate wa kumimina ukipikwa kwa makaa anayo tayari elimu yote ihitajikayo hapa. Mpishi humimina mchele uliosagwa kwa tui na kuumuliwa, akaiweka sufuria juu ya makaa machache, akafunika, kisha akayapanga makaa mengi juu ya mfuniko. Makaa ya chini hayana siri: huipasha sufuria, nayo sufuria huupasha mkate kwa kuugusa. Lakini uso wa juu wa mkate haukuguswa na kitu. Baina yake na mfuniko pana uwazi wa hewa, na hewa yenye moto kwa tabia yake hupanda wala haishuki, basi haiwezi kuwa ndiyo mjumbe aliyetumwa chini. Hata hivyo uso ule hugeuka rangi ya dhahabu. Kilichoshuka ni harara isafirivyo nuru, kwa mstari ulionyooka, isiyohitaji hewa wala chuma cha kuibeba, ambayo vitabu vya shule huiita mnururisho. Mpishi anazijua sheria zake bila ya kuambiwa. Anajua kuwa akizidisha makaa kidogo tu juu ya mfuniko, mkate utababuka kabla ya kuiva ndani. Anajua kuwa mfuniko mpya wa alumini, ungali unang'aa upande wa ndani, hutoa harara kwa ubahili, na ule uliokwisha fanya masizi huitoa kwa ukarimu, hata mkate uleule kwa makaa yaleyale ukaiva kwa muda mwingine. Na lau mtoto mtundu angechomeka bati safi baina ya mfuniko na mkate, lisiguse huku wala huku, uso wa mkate ungebaki mweupe na mpishi angestaajabu makaa yamepatwa na nini.

Kisa cha makaa machache kubabua mkate kina hesabu yake. Mwaka 1879 Josef Stefan alionyesha, na mwanafunzi wake Ludwig Boltzmann akaithibitisha kwa hoja mwaka 1884, kwamba harara ya mnururisho haikui sawasawa na joto la kitu, bali hukua kwa kipeo cha nne cha joto hilo likihesabiwa tangu sifuri ya Kelvin, yaani nyuzi 273 chini ya mgando wa maji. Bomba lililokuwa na nyuzi 300 likifika 600, mtu wa kawaida atasema limeongezeka maradufu. Stefan atasema limezidisha utoaji wake zaidi ya mara tano, kutoka kilowati 6 hivi kwa kila mita ya mraba hadi karibu 33, ikiwa ni jeusi kabisa, na bomba lenye kutu haliko mbali na weusi huo. Ndiyo sababu mabadiliko ya mabomba tu, katika gari lilelile na barabara ileile, yameweza kuleta msiba wa namna hii.

Dawa, kwa hiyo, ni lile bati la mtoto mtundu. Wengi huliita ngao ya joto. Jina hilo silipendi, kwani ngao hushikwa na mwenyewe na hulipokea pigo mwilini mwake, ilhali hiki kitakiwacho kisimguse adui wala mlindwa. Nitakiita kiwambo, kitu kilichowambwa kikasimama peke yake baina ya wawili. Sharti lake la kwanza ni uwazi: sentimita moja au mbili baina yake na heda, na nafasi nyingine baina yake na kile kinacholindwa, kikishikwa na bolti chache zenye washa ndefu. Sharti la pili ni mng'ao. Alumini iliyosuguliwa hutoa na kupokea kiasi cha sehemu 5 tu katika 100 za harara ambayo kitu cheusi kingeitoa. Kiwambo chenye masizi hupunguza mnururisho kufikia nusu hivi. Kilichong'arishwa pande zote mbili, kwa hesabu ileile, huupunguza hata ikabaki sehemu moja katika thelathini. Tofauti ya nusu na thelathini ni kitambaa na dakika chache za kusugua! Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, basi karibu kabisa na mlango wa injini kitumike chuma kisichoshika kutu.

 

Wako wanaoviringisha heda kwa utepe wa nyuzi za kioo. Utepe hufaa, ila hunyonya unyevu, na kwetu unyevu una chumvi. Bomba la chuma cha kawaida litaliwa na kutu humo ndani bila ya kuonekana. Ukilowa mafuta huwaka. Kamba za asbesto za zamani zisiguswe, kwani vumbi lake huua mapafu. Rangi ya kauri inayookwa juu ya bomba ni bora kuliko utepe kwa mwenye uwezo. Kuinua nyuma ya boneti kwa washa, kama wafanyavyo vijana, huipumzisha injini gari lisimamapo. Gari likienda mbio, hewa iliyojibana mbele ya kioo huingia badala ya kutoka.

Ama kugoma kuwaka likiwa moto, hilo kiwambo pekee hakiwezi kuahidi kulitibu. Katika RX-8 ni dalili mashuhuri ya sili zilizolika za rota, kile kipande chenye pembe tatu, na harara hudhihirisha tu ugonjwa uliokuwamo. Fundi apime kompresheni, lakini kwa kipimo kilichoundwa kwa injini hii, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu, na kipimo cha kawaida cha pistoni hushikilia namba ya uso ulio bora kuliko wenziwe, kikaziacha nyuso mbili mbovu bila ya kutajwa.