Roki Nayo Inataka Chama

Kijana wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, anayependa roki leo husikiliza peke yake. Nyimbo anazo kwenye simu, hedifoni zimo masikioni, na mwenzake waliyekaa naye baraza moja hajui anachosikia. Nyimbo tele, wa kuzizungumza ndio hawapo. Hilo ndilo pengo la kuzibwa kwanza, kabla ya kununua gitaa wala kutafuta jukwaa, kwa sababu kila muziki uliodumu Unguja ulikuwa na watu waliokutana kwa ajili yake.

Tuitazame taarab. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa Mji Mkongwe mwaka 1905, na hadi leo kipo. Kimepita enzi za masultani, kikapita Mapinduzi ya 1964, kikapita kanda za kaseti na santuri. Hakikudumu kwa sauti nzuri za waimbaji peke yake. Palikuwa na wanachama waliokutana, wakafundishana ala, wakasahihishana, wakabishana juu ya kipi kimepigwa sawa na kipi kimeharibika. Mwimbaji akifariki, chama kinabaki na wimbo unaendelea kuimbwa. Roki haijapata malezi hayo visiwani, ndiyo maana wengi bado wanaiona kelele za wageni.

Kelele hizo zina elimu yake. Chini ya nyuzi za chuma za gitaa la umeme zimekaa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, ukaingia kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukatoka kwenye spika. Amplifaya ikizidiwa nguvu, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa. Hapo mlio unakwaruza, na katika mkwaruzo huo huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo mpigaji hakuzigusa kwa kidole. Mafundi wa mitambo waliuhesabu mkwaruzo huo kuwa kasoro. Wapigaji Weusi wa bluzi wa Marekani waliupenda, wakaufanya kiungo cha muziki wao, na roki ikaurithi. Ukiongeza ngoma ndogo yenye mlio mkali, inayopigwa kwenye pigo la pili na la nne katika hesabu ya nne, umeshapata uti wa mgongo wa nyimbo nyingi za roki.

Ala hizi si ngeni pwani yetu. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya Tanga ilikuwa tayari inapiga taarab kwa gitaa la umeme na besi. Na bila hata ya umeme, Unguja ilikuwa na besi yake ndani ya muziki wa kidumbak: sanduku. Ni boksi la mbao, aghalabu lile la kusafirishia majani ya chai, limefungwa uzi mmoja unaoshikiliwa na kijiti. Mpigaji akikivuta kijiti, uzi unakaza na sauti inapanda, akikilegeza, inashuka. Hana alama za kumwonesha avute kiasi gani, anategemea sikio lake tu. Sanduku likishikilia chini, fidla inapata nafasi ya kutembea juu, na ngoma mbili ndogo, vidumbak, zinajibizana katikati. Asiyewahi kulisikia alitafute kwenye rekodi ya Kidumbak Kalcha iliyotoka 1997.

Sasa vuka bahari uende Liverpool mwaka 1956. Huko kijana John Lennon na wenzake wa shule waliunda kikundi kilichoitwa The Quarrymen. Hawakuwa na uwezo wa kununua besi, wakafanya walivyofanya vijana wengi wa Uingereza wakati ule: wakachukua sanduku la chai, fimbo na uzi. Kikundi hicho ndicho kilichokua kikawa The Beatles. Liverpool na Zanzibar zote ni bandari, chai ilipita kote kuwili, na kote kuwili maskini wenye masikio makini walifikia jawabu moja. Kijana wa Kusini Unguja akiambiwa roki haimhusu, na ataje sanduku.

Afrika Mashariki nayo ina roki yake. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970, iliwakutanisha wanamuziki wa nchi kadhaa, wakachanganya gitaa la mkwaruzo na midundo ya Kiafrika. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia na ikatoka 1976. Bendi ikasambaratika, na kwa miaka mingi kazi hiyo haikusikika kwa wengi, hadi mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilipoikusanya na kuitoa upya. Inaniuma kwamba mlango huo ulifunguliwa London. Kama Dar es Salaam au Zanzibar ingekuwa na duru ya wasikilizaji wa roki, watu wa kutunza santuri, kuandika majina ya wapigaji na kuwasimulia wadogo zao, Sunburst wasingesubiri miaka 40. Nairobi wamepiga hatua: walikuwa na X FM, redio ya roki, na kutoka huko wakatokea Duma, vijana wawili wa muziki mkali kupindukia, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bendi huota palipo na wasikilizaji.

Sisi tunaye Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi, akasomeshwa India, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tangu 2019 yapo makumbusho yake Shangani. Makumbusho yanahifadhi picha na historia. Kuusikiliza muziki wenyewe kwa makini ni kazi yetu.

Duru ya wasikilizaji ya Kizimkazi ingeweza kuanza na Bohemian Rhapsody, wimbo wa Mercury na bendi yake wa mwaka 1975. Wimbo huo una karibu dakika sita na hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti za watu bila ala, piano inaingia, gitaa linachukua zamu, mara unageuka opera, kisha roki yenye nguvu, na mwisho unapoa. Ile kwaya kubwa ya katikati ni watu watatu tu, Mercury na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao moja juu ya nyingine mara nyingi mno. Gitaa linalosikika Brian May alilitengeneza nyumbani na baba yake, kazi waliyoianza 1963, na shingo yake imechongwa kutoka mbao ya jiko la kuotea moto la zamani. Mafundi wa ngalawa wa Kizimkazi Mkunguni na Dimbani wataielewa kazi hiyo bila kufafanuliwa.

Usikilizaji wenyewe una utaratibu. Kwanza wimbo usikilizwe mzima, kimya, kwenye spika moja ambayo wote wanaisikia. Mara ya pili kila mmoja apewe ala yake ya kuifuata: huyu besi, yule ngoma, mwingine gitaa. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yaanze, na kila mtu aseme alichokisikia na kimetokea wapi ndani ya wimbo. Ubishi wa nani bora hauna mwisho wala faida. Ubishi wa nini kimepigwa hunoa masikio. Pawe na daftari la kuandika jina la wimbo, wapigaji, mwaka, na hoja iliyozuka. Wazee waliopiga gitaa na kidumbak waalikwe, kwa sababu wao watasikia mambo ambayo kijana hayasikii. Wasichana wawe wanachama kamili. Sauti ya Unguja iliingia kwenye santuri kwa mwanamke, mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928.

Na heshima itangulie. Kizimkazi ni mji wa msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Muziki unaotaka kukubalika hapa upishe nyakati za sala, usiamshe watoto wa jirani, na wazazi waelezwe mapema kinachofanyika. Chama kinachojificha huzaa dhana mbaya. Kinachokaa barazani hadharani hupata watetezi.

Kila mwaka Tamasha la Kizimkazi huleta majukwaa na spika kubwa, kisha hufungwa na vyombo vikarudi mjini. Chama cha wasikilizaji hakihitaji vyote hivyo. Kinahitaji spika moja, daftari, na watu watano au sita wenye subira ya kukutana kila wiki. Mtaji huo Kizimkazi inao, na Ijumaa hii baada ya Alasiri ni wakati mzuri wa kuanza.